Spotilaiti za dari: kwa nini zinachezacheza ukizipunguza mwanga

Huku Kigoma jua huchelewa kuzama kuliko Dar es Salaam. Saa moja jioni bado kuna wekundu juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na siku ambazo hakuna mbalamwezi, ukisimama Bangwe au Kibirizi unaona taa za wavuvi wa dagaa zikiwashwa moja baada ya nyingine. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni LED za betri. Saa hiyo hiyo, huku mjini, pasi ziko moto, friji zinanguruma, kila televisheni imewashwa, na umeme unaanza kulegea.

Ilikuwa saa kama hiyo nilipokuwa sebuleni kwa dada yangu, Katubuka. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza dari la jipsamu, lile lenye kingo zilizoshuka, na spotilaiti nane zimepangwa kulizunguka. Ukutani, badala ya swichi, fundi alikuwa ameweka dima ya kuzungusha, yaani kifaa cha kupunguza mwanga. Dada akaizungusha taratibu ili tuone. Mwanzoni hakuna kilichobadilika: mkono unazunguka, mwanga uko pale pale. Alipopita nusu, ghafla taa zikaanza kuchezacheza, mbili zikazima kabisa, na kutoka darini ukasikika mlio mwembamba kama wa nzi aliyenasa kwenye chupa.

"Fundi, ndiyo imeisha hivyo?" dada akauliza.

"Mama, taa zenyewe hizi ni feki," fundi akajibu bila kushuka kwenye ngazi. "Tubadilishe tu."

Kesho yake tulizishusha, tukasoma maandishi ya kila moja, na hatukukuta taa feki hata moja. Tulikuta vitu vitatu, yaani dima, taa na umeme wa jioni, ambavyo haviwezi kukaa nyumba moja bila ugomvi. Na kwa kuwa nyumba nyingi zinazoinuka maeneo ya Gungu, Mlole na Mwanga zinawekwa dari za aina hii, ngoja tulifungue jambo lenyewe polepole.

Kilichomo kati ya ukuta na mwanga

Chembe ya LED ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani inakufa papo hapo. Chembe moja inayotoa mwanga mweupe inataka volti 3 hivi, tena za umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja kama wa betri. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230, nao ni AC: unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. (Weupe wenyewe nao ni ujanja. Chembe hutoa rangi ya bluu, na utando wa njano juu yake huigeuza ionekane nyeupe. Walioiwezesha bluu hiyo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.)

Kwa hiyo kila LED inayowaka kwa umeme wa ukutani ina kifaa katikati kinachoshusha volti, kinachounyoosha umeme na kupima kiasi kinachopita. Mafundi wanakiita draiva. Ukinunua spotilaiti umenunua draiva iliyobeba taa, na ikizingua, mara nyingi chembe ni nzima, iliyochoka ni draiva. Tofauti kubwa ya spotilaiti zilizo madukani ni mahali draiva hiyo ilipokaa.

Kwenye GU10 imo ndani ya kitako cha taa. GU10 utaijua kwa miguu miwili minene yenye vichwa kama vya misumari. Unaiingiza kwenye holda, unaizungusha kidogo, inakaza. Namba 10 ni milimita kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hii inapokea volti 230 moja kwa moja. MR16 ina miguu myembamba kama sindano, iliyoachana milimita 5.3, nayo huchomekwa bila kuzungushwa. Hii inataka volti 12, kwa hiyo lazima juu ya dari kuwe na transfoma. Hiyo 16 ni upana wa uso wake kwa thumuni za inchi: thumuni 16 ni inchi 2, karibu milimita 50.

Mtego uko hapo kwenye upana. GU10 nayo ina uso wa milimita 50. Tundu la darini ni lile lile, fremu ni ile ile, na ukiwa chini umeangalia juu huwezi kujua ipi ni ipi.

Mpwa wangu aliyeko Dar alikuwa amemtumia mama yake spotilaiti nne kwa basi, zilizotolewa kwenye ofisi iliyokuwa inakarabatiwa. Zilikuwa MR16. Tulipozishusha zile mbili zilizozima, fundi akachukua moja ya hizo za Dar, akaona miguu haiingii kwenye holda. Hakuuliza. Akakata holda, akazungushia nyaya kwenye ile miguu ya sindano, akafunika kwa selotepu. "Tundu ni lile lile, itakaa," akasema. Dada akawasha. Ikapiga *pa!*, sakiti breka ikaanguka, na jipsamu mpya nyeupe ikabaki na doa jeusi la ukubwa wa sarafu. Volti 230 zilikuwa zimeingia kwenye kifaa cha volti ndogo kilichoandikwa 10–30V kwa herufi ndogo kando ya kitako, herufi ambazo mimi mwenyewe nilizisoma kwa kutumia kamera ya simu.

Zikabaki tatu. Tutazirudia.

Aina nyingine, na ndiyo imejaa zaidi madukani Mwanga, ni ile ya duara bapa ya wati 3, 6, 9 au 12, yenye kisanduku cha plastiki kinachoning'inia kwenye waya. Kisanduku hicho ndicho draiva, na uzuri wake ni kwamba kikifa unabadilisha chenyewe tu. Ila watu wengi hukibadilisha kwa kutazama wati, na hapo ndipo wanapokosea. Soma upande wa pato, yaani umeme unaotoka: utaona kitu kama DC 18–36V, 300mA. Draiva ya namna hii haishiki volti, inashika mkondo. Itasukuma miliampea 300 iwe isiwe, na volti itapanda au kushuka ndani ya ule upana kulingana na idadi ya chembe zilizopangwa ndani ya taa. Kwa hiyo kwanza linganisha miliampea, zifanane na za zamani. Kisha hakikisha volti za taa yako zimo ndani ya upana wa draiva mpya. Ukiweka ya miliampea 450 kwenye taa ya 300, utafurahia mwanga mkali kwa wiki chache. Na usiiguse ikiwa na umeme: zile za bei ya chini mara nyingi upande wa pato haujatengwa na volti 230.

Mzigo ule ule, mitumbwi tofauti

Kwa nini mtu ajisumbue na volti 12 kama 230 zipo tayari ukutani? Sababu moja ni usalama, hasa bafuni na nje. Nyingine ni historia: spotilaiti za halojeni zilizotangulia LED zilifanya kazi vizuri kwa volti 12, kwa kuwa waya wake wa ndani uliweza kuwa mfupi na mnene. LED ilipokuja ikavaa viatu vya marehemu.

Gharama ya volti ndogo ni mkondo mkubwa. Fikiria shehena ya magunia inayotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini mwa ziwa. Ukiwa na boti kubwa, safari ni chache. Ukiwa na mtumbwi, shehena ile ile inataka safari nyingi, na kila safari ina jasho lake. Volti ni ukubwa wa chombo. Ampea ni wingi wa safari. Joto linalopotelea njiani ndilo jasho.

Kwa hesabu: chukua spotilaiti nne za wati 7, jumla wati 28, na waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 10. Kwenda na kurudi ni mita 20, na ukinzani wake ni kama omu 0.24. Kwa volti 230 mkondo ni ampea 0.12, na kinachopotea njiani ni volti 0.03, hakionekani. Kwa volti 24 mkondo ni ampea 1.2, unapoteza volti 0.3. Kwa volti 12 mkondo ni ampea 2.3, unapoteza volti 0.56, karibu asilimia 5 ya ulichonacho. Ndiyo maana taa ya mwisho kwenye mstari mrefu wa volti 12 huwa imefifia kuliko ya kwanza, na ndiyo maana, kama unaanza upya na unataka volti ndogo, ningekushauri 24 badala ya 12. Waya ule ule, taa zile zile, na upotevu kwa asilimia unashuka hadi robo.

Kuhusu transfoma za zamani za halojeni nitasema machache, maana huku si nyingi. Transfoma za elektroniki zilitengenezwa zikitarajia mzigo wa angalau wati 20 au zaidi. Ukiitundikia LED moja ya wati 5, inajiwasha na kujizima kwa kudhani hakuna kitu. Taa itachezacheza hata bila dima. Nunua usambazaji (kisanduku kinachoshusha umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo) uliotengenezwa kwa LED, basi.

Dima inakata nini hasa

Watu wengi wanadhani dima inapunguza volti kama bomba linavyofungwa. Dima ya kawaida ya ukutani inakata muda. Umeme wetu una mawimbi nusu 100 kila sekunde, kila moja likidumu milisekunde 10: linaanza sifuri, linapanda hadi kilele cha volti 325 hivi, linarudi sifuri. Dima inachukua kisu na kuondoa sehemu ya kila wimbi.

Kisu hicho kinaweza kukata mbele au nyuma. Dima ya kukata mbele, ndiyo ya zamani na ya bei nafuu, inafunga mlango wimbi linapoanza, inasubiri, kisha inaufungua kwa ghafla volti zikiwa tayari juu. Dima ya kukata nyuma inafungua mlango wimbi likiwa sifuri, linapanda kwa utaratibu wake, halafu inafunga kabla halijaisha.

Kwa balbu ya waya haya yote ni sawa. Waya ule unabaki na joto, haujali umeingiaje. LED ina kapasita mlangoni mwa draiva, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, na kapasita ni kama umati uliosongamana nje ya geti la uwanja wa Lake Tanganyika siku ya mechi. Ukilifungua geti ghafla, wote wanasukumana kwa pamoja. Msukumo huo wa mkondo, mara 100 kwa sekunde, ndio ule mlio wa nzi kwenye chupa. Ndio pia unaochosha draiva na dima yenyewe. Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu hutumia kanuni ya moja ya kumi: dima ya zamani iliyoandikwa wati 400 ipewe LED zisizozidi wati 40.

Upande wa chini nako kuna shida. Dima ya kukata mbele inahitaji mkondo fulani upite ndani yake ili ibaki wazi. Ile ya dada iliandikwa wati 60 hadi 600. Taa zake nane za wati 5 ni wati 40 kwa jumla zikiwa zimewaka zote. Yaani dima ilikuwa na njaa hata kabla hajaigusa. Ukiipunguza ndiyo inazidi kuachia, kushika, kuachia.

Kwenye dima nzuri utakuta herufi R, L na C. R ni kwa balbu za waya, L ni kwa transfoma zenye koili, C ni kwa vifaa vyenye kapasita mlangoni. Kwa LED tafuta yenye C, au iliyoandikwa LED waziwazi. Nyingine zina skrubu ndogo chini ya kitufe ya kuweka kiwango cha chini kabisa. Ishushe hadi taa zianze kucheza, kisha irudishe juu kidogo. Nimewahi kuona nyumba moja Ujiji ambako rigyuleta ya feni imegeuzwa dima. Ilikuwa inafanya kazi, kwa maana ya kwamba moshi ulikuwa haujaanza.

Mwenye inveta naye ajiangalie. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini, zinatoa ngazi zenye kingo kali. Taa ya kawaida itavumilia, lakini ukiweka dima katikati, dima haijui pa kukatia. Kwa nyumba yenye inveta ya namna hiyo, sahau dima ya volti 230.

Taa inayovumilia umeme mdogo haikusikii

Kisa cha dada kina fundo moja lililonichukua muda kulielewa, na sijaona mtu akilieleza madukani.

Usiku ule nilichomeka multimita kwenye soketi: volti 191. Saa nane mchana siku iliyofuata, soketi ile ile: 228. Muuza duka aliyemuuzia dada taa alimfanyia wema kwa kumpa zilizoandikwa AC 85–265V. Maandishi hayo yanamaanisha kwamba draiva iliyomo ndani inaweza kupokea volti popote kati ya 85 na 265 na bado ikatoa mwanga ule ule. Volti zikishuka, inavuta mkondo zaidi kufidia. Kwa mji ambao umeme wa jioni unalegea, ni taa nzuri kuliko iliyoandikwa 220–240V, na mara nyingi ni nzuri kuliko zile rahisi sana zinazofifia zenyewe kila jirani anapowasha pasi.

Lakini mfikirie draiva huyo anavyoona dima. Kazi yake yote ni kupambana na upungufu. Mwenye nyumba anapozungusha kitufe na kukata wimbi, draiva anaona upungufu mwingine tu, na anafanya alichofundishwa: anavuta zaidi. Ndiyo maana mkono wa dada ulizunguka hadi nusu bila mwanga kubadilika. Draiva alikuwa anashindana naye. Alipokatwa kupita uwezo wake akazima, akapumzika, akajaribu tena, akazima. Huko ndiko kuchezacheza.

Taa iliyoandikwa "dimmable" imefundishwa kutofautisha. Ina sehemu inayosoma umbo la wimbi, na ikiona limekatwa inajua ni mkono wa mtu, inashusha mwanga. Nyingi za hizo zimeandikwa 220–240V. Kwa hiyo huku kwetu unajikuta njia panda: taa isiyojali umeme mdogo haimjali na mwenye nyumba, na inayomsikiliza mwenye nyumba huyumba umeme unapolegea. Ukiwa umeishusha hadi asilimia 20 na volti nazo zikadondoka hadi 190, inaweza kuzima katikati ya filamu.

Njia ya kutokea ipo, nayo ni kuhamisha dima. Usiiweke kati ya ukuta na draiva; iweke baada ya kifaa kinachopokea matatizo ya umeme. Unafunga usambazaji mmoja wa volti 24 DC wenye upana mkubwa wa mapokezi, mfano 100–240V. Huo ndio upambane na umeme wa jioni. Ukitoka hapo una volti 24 zilizotulia, na dima inakaa upande huo. Dima ya upande wa DC haikati mawimbi, kwa sababu hakuna mawimbi. Inawasha na kuzima kwa kasi ya mamia au maelfu kwa sekunde. Ikiwashwa robo ya muda, jicho linaona mwanga uliopungua. Njia hii inaitwa PWM.

Sharti lake ni kwamba spotilaiti ziwe za volti 24 zilizotengenezwa kwa dima ya namna hiyo. MR16 nyingi zina draiva ndogo ndani, nayo itapambana na PWM kama ile ya GU10 ilivyopambana na dima ya ukutani. Uliza kabla ya kulipa. Kisanduku cha usambazaji kisijae: kwa taa za wati 28 ningechukua cha wati 40 au 60.

Na jicho lina tabia ya kudanganya. Mwanga uliopimwa asilimia 10 jicho huuona kama theluthi hivi, kwa sababu mboni inapanuka. Kwa hiyo dima inayoshuka hadi asilimia 10 tu bado haikupi giza la sinema. Usitegemee pia LED igeuke ya dhahabu ukiipunguza, kama ilivyokuwa kwa balbu za waya. Inabaki rangi ile ile, labda uwe umenunua zile zilizotengenezwa makusudi kubadilika.

Mengine ya dukani, kwa haraka

Rangi ya mwanga huandikwa kwa K: namba ndogo ni ya unjano, kubwa ni nyeupe ya kibluu. Chukua 3000K kwa sebule na chumba cha kulala, 4000K jikoni. Ile 6500K inayopendwa sana inafaa karakana. Kwenye dari la jipsamu inafanya wageni waonekane wagonjwa. Haya ni maoni yangu, dada hakubaliani nayo.

Pembe ya mwanga wengi hawaitazami kabisa, na ndiyo inayoamua kama sebule itakuwa na madoa. Taa ya nyuzi 36 kwenye dari la mita 2.4 inachora duara la mita 1.5 hivi sakafuni. Ya nyuzi 60 inachora karibu mita 2.8. Kwa mwanga wa chumba kizima chukua 60 au zaidi. 36 iache kwa picha ukutani au meza.

Usinunue kwa wati. Tazama lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka. Halojeni ya wati 50 ilitoa lumeni 350 hadi 400, na LED ya wati 5 inafika hapo. Nane zikiwaka kwa muda wa saa tano kila siku zinakula uniti 6 kwa mwezi. Zingekuwa halojeni zingekula 60, na kwa mtu aliye kwenye kundi la LUKU la uniti zisizozidi 75, zingebaki 15 za friji na vingine vyote. Kwa hiyo anayekuuzia dima kwa hoja ya kuokoa umeme anakuchezea; hata ukikata nusu, umeokoa uniti 3.

Joto ndilo adui asiyeonekana. Kati ya jipsamu na bati mchana wa jua, huko juu ni tanuri, na kapasita za draiva hazipendi tanuri. Acha nafasi juu ya taa, usifunike kwa magunia wala masalia ya jipsamu. Usambazaji wa volti 24 uweke chini, juu ya kabati kwa mfano, hewa inakopita.

Na kama taa imezimwa lakini bado inang'aa hafifu usiku, tazama swichi. Ikiwa na kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo, kitaa hicho kinapitisha umeme kiasi. Ikiwa haina, huenda fundi amekata nyutro badala ya waya wa moto. Hilo lirekebishwe siku hiyo hiyo, maana holda ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa.

Kwa nyumba nyingi, kwa kweli, mimi nisingeweka dima kabisa. Ningegawa taa kwenye swichi mbili: nne za kati na nne za pembeni. Ni waya wa ziada na swichi ya vitufe viwili, na haijali volti.

Dada alitaka vyote viwili. Taa nne juu ya makochi zikabaki GU10 zile zile za 85–265, kwenye swichi ya kawaida. Nne za upande wa televisheni tukaweka za volti 24, usambazaji juu ya kabati la vyombo, dima ndogo kando ya mlango, vyote vikaja kwa basi. Fundi alifunga mwenyewe, akapima kabla ya kuwasha, na doa la jipsamu akalipaka rangi bila kudai pesa. Saa mbili usiku multimita ilisoma 187. Dada akazungusha mpaka chini kabisa, na taa zikashuka naye.

Zile MR16 tatu alizichukua shemeji. Ana kibanda cha kuhifadhia nyavu Kibirizi, chenye betri ya volti 12 inayochajiwa na sola. Tulisoma kitako kwanza: AC/DC 10–30V, kwa hiyo hata betri ikifika volti 14 wakati wa kuchaji hakuna neno. Akachomeka waya mbili, zikawaka, akarudi kwenye nyavu zake.